Matope ya Mgeni wa Kaunsili

Jumatatu, 7 Julai

Ushindi! Nimepiga simu kaunsili, halmashauri ya huku, kutwa nzima, nimesikilizishwa muziki wao mpaka nimeujua kwa moyo, na mwisho wamesalimu amri. Mkaguzi anakuja Alhamisi kuutazama ukumbi wetu hapa Queensbury. Serikali kuu imetoa fungu kwa sehemu zilizopigwa na tufani ya mwezi uliopita. Kaunsili ndiyo inayogawa, na mwenye hasara ya kuonekana ndiye anayepewa.

Hasara tunayo. Maji yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakatuachia matope ukumbi mzima. Mwenye jengo keshasema: bila sakafu mpya, anafunga. Akifunga, watoto wetu tutawaozea wapi? Hitima tutasoma wapi? Jambo hili linaniuma kweli. Linaniuma pia kwamba Jumapili tunachagua mwenyekiti wa Umoja wetu wa Waswahili wa ughaibuni, na mimi Msabaha, katibu tangu enzi za mashine za faksi, nashindana na Faustine, mweka hazina. Mtu wa Bukoba, nesi, mpole, anapendwa na kila mtu bila sababu yoyote. Atakayeleta sakafu ndiye atakayekalia kiti.

Faustine kashauri tupeleke picha alizopiga siku ya tufani. Picha! Nikamwambia mkaguzi lazima anuse.

Jioni nimetangaza kwenye kundi letu la simu: Alhamisi tuna mgeni wa serikali. Pongezi zimemiminika. Bi Kijakazi, mkuu wa mapishi, yeye kauliza tu mgeni ni mwanamke au mwanamme. Nikamjibu mwanamke, anaitwa Hemali. Nimeingia kitandani nikijiita Mheshimiwa.

Jumanne, 8 Julai

Nchi hii ina vichekesho. Wametangaza marufuku ya kumwagilia kwa mpira wa maji, eti mabwawa yamepungua. Juzi tulikuwa tunachota maji ukumbini kwa ndoo, leo maji hakuna! Jirani yangu Gurmit, anayezipenda nyasi zake kuliko jamaa zake, amekaa barazani kama kafiwa.

Nimekwenda ukumbini kuyakagua matope. Yamekauka, yamepasuka, yanaanza kufanana na vumbi la kawaida. Nikapindua viti. Zulia lililooza nikalivuta katikati ili mgeni alikute kwanza. Nikarudi mlangoni nikatazama kwa macho ya kaunsili. Huzuni tupu! Karibu nilie mwenyewe.

Nyumbani nimemweleza binti yangu Ummukulthum mpango wote. Mimi nasema Kiswahili, yeye anajibu Kiingereza, ndiyo desturi yetu. Alijibu kwamba ukumbi umeharibika kweli, kwa hiyo hauhitaji mpango. Watoto waliozaliwa huku hawana siasa hata kidogo.

Jumatano, 9 Julai

Balaa! Msiba! Nimehujumiwa!

Nimetoka kazini nikapita ukumbini kuyaaga matope yangu. Nafungua mlango, nakutana na harufu ya udi. Wanawake wa Umoja wamejaa tele, kanga wamejifunga viunoni, Bi Kijakazi mbele na fagio. Wamefagia, wamesugua, wamepiga deki mara mbili. Sakafu inang'aa mpaka nimejiona kidevu. Zulia lililooza limeshapelekwa jaani. Palipovimba mbao wametandika mikeka mizuri ya Pemba. Mke wangu Nusra, mke wangu mwenyewe wa ndoa, alikuwa anapanga maua!

Nikapiga kelele kwamba yale matope ndiyo yalikuwa sakafu yetu mpya. Bi Kijakazi akaniuliza kama mama yangu alinifunza kumpokea mgeni kwenye tope. Akasema huyo mwanamke wa watu atatoka hapa akawahadithie wenzake kuwa Waswahili ni wachafu, na yeye hayuko tayari kufa na aibu hiyo. Wote wakaitikia. Nikamtafuta Faustine anisaidie. Alikuwa juu ya ngazi, anafuta vioo.

Nimerudi nyumbani sina hamu ya kula. Nimekula kidogo. Kisha nikakumbuka kuwa kwenye kibanda cha nyuma ya ukumbi upo mpira wa maji, na kwamba Mungu kaumba udongo kila mahali.

Alhamisi, 10 Julai

Mkaguzi alitakiwa afike saa nne asubuhi. Nikapiga hesabu za kwetu: mtu wa saa nne hufika saa tano, akiwa na haraka sana. Muda ninao. Nikaenda peke yangu, nikauvuta mpira kupitia mlango wa nyuma, nikaanzia jukwaani, pale anapokaa mwenyekiti. Maji, kisha udongo wa vyungu vya maua ya Nusra, kisha maji tena. Kazi safi! Nilikuwa naimba.

Mtu akakohoa. Bibi Hemali alikuwa mlangoni, koti la kaunsili mwilini, kimashine mkononi. Alifika kwa wakati! Nani anafanya hivyo?

Nikauficha mpira mgongoni. Ulikuwa bado unatoka maji. Yakaniingia kwenye suruali, yakashuka mpaka kwenye soksi, na mimi natabasamu. Hapohapo akaingia Bi Kijakazi na sinia la sambusa. Akaliona jukwaa. Yarabi! Alinitukana kwa Kiswahili kitupu, kwa sauti ya juu: jana tumevunjika migongo kusafisha, leo mwanaharamu huyu anamwaga udongo ili aonekane shujaa, maana anakitaka kiti, angekiomba kwa adabu tungempa.

Mgeni akaniuliza mama huyu ana nini. Nikajibu kwa Kiingereza changu cha mikutano kwamba mama yetu huyu analia kwa uchungu wa tufani.

Bibi Hemali akatikisa kichwa taratibu, kisha akamgeukia Bi Kijakazi, akasema, "Shikamoo, bibi. Pole kwa kazi. Hizi sambusa zina pilipili?"

Mama yake kazaliwa Tanga! Kiswahili ndicho wazee wake walichotumia nyumbani kila walipotaka kusengenya, na yeye kakijua chote. Nilitamani mafuriko yarudi yanichukue.

Alikula sambusa mbili, akasifu ukumbi, akaanza kazi. Akainua mkeka. Akagusisha kimashine chake cha kupima unyevu ukutani, kikalia. Akasogea, kikalia tena. Akatuonesha jinsi maji ya tufani yalivyojificha ndani ya kuta na chini ya mbao, ambako deki haifiki. Akasema matope hayatazami kabisa, matope hata mtoto anaweza kuyatengeneza. Hapo alinitazama. Mpira wa maji aliutazama zaidi. Nimepewa onyo kwa kuvunja marufuku, na jukwaa ameliondoa kwenye hesabu, kwa sababu haiwezekani tena kujua maji yapi ni ya mbingu na yapi ni ya Msabaha.

Jumamosi, 12 Julai

Wamekubali! Tunapata sakafu, ukumbi mzima isipokuwa jukwaani. Fungu hili linatolewa kwa sharti la kuyazuia madhara yasirudi: saruji ya ua wa nyuma ivunjwe, pawe bustani itakayoyanywa maji ya mvua. Ua wa nyuma ndipo ninapoegesha gari yangu bure.

Hata hivyo nimefurahi, sitasema uongo. Nusra alilia niliposoma habari. Nikajiandikia hotuba ya ushindi. Sehemu ya mpira wa maji nimeifupisha.

Jumapili, 13 Julai

Uchaguzi umekwisha. Nilisimama nikasema vizuri, na watu walipiga makofi. Kisha Faustine akasimama, akatangaza kwamba anajitoa, na kwamba anampendekeza Bi Kijakazi. Mikono yote ikapanda. Wangu ulibaki chini peke yake. Nusra akanitazama. Nao ukapanda.

Iliniuma. Nilitoka nje nikasimama karibu na gari. Bi Kijakazi akanifuata na sahani ya pilau, nyama nyingi kuliko ya mtu mwingine yeyote, akasema, "Mwanangu, pasingekuwa na usumbufu wako kwenye simu, nani angejua kama fungu hilo lipo? Kula. Halafu uihamishe gari, kesho wanaanza kuvunja." Nikala. Pilau ilikuwa nzuri mno na machozi yalinitoka kidogo, nikasingizia pilipili. Nimebaki katibu. Pia nimeteuliwa bwana bustani.

Usiku nimemwahidi Nusra: basi, mipango nimeacha. Kuanzia leo ni ukweli na subira.

Jumatatu, 14 Julai

Habari njema! Nimesoma wakati wa chakula cha mchana kwamba kaunsili ina fungu jingine la mazingira, la kumbi zenye joto la hatari. Wanatia feni, mapazia, hata dari mpya. Mkaguzi anakuja na kipimajoto. Nimempigia simu palepale. Anakuja Jumatano.

Tatizo ni moja tu: ukumbi wetu una baridi nzuri, kwa sababu kuta bado zimejaa maji. Si neno. Nimepita jioni, nimefunga madirisha yote, nimewasha hita. Mpaka Jumatano patakuwa tanuri. Mkaguzi akizimia, dari tumepata! Uchaguzi mwingine upo mwakani, na watu hawamsahau aliyewaletea dari.

Safari hii nimekuwa mwerevu. Kwenye kundi la simu sikuandika kitu. Bi Kijakazi hajui, Faustine hajui. Nimemwambia Nusra peke yake kwamba tuna mgeni, naye ameapa hatafungua mdomo. Ametoka sasa hivi, kaenda dukani kwa Keyur kununua unga, nazi na hiliki, sijui za nini.