Hoja ya Nguzo

Bwana Kalamu alikuwa kwenye duka la fotokopi, akisubiri kitambulisho chake kipya cha uinjinia kikauke wino, alipomwona mkunga mstaafu akitoa nakala za michoro ya zahanati ya kujifungulia. Kiinua mgongo cha mama huyo chote kilikuwa kinaenda huko. Kalamu akaona riziki imemfuata alipo.

Alimwamkia kwa adabu zote, akamweleza kwamba ujenzi hauanzi kabla mtaalamu hajapitia michoro, gharama na ratiba. Mkunga akakishika kitambulisho, kikamnata vidoleni, akakubali. Malipo yangekuwa baada ya kazi.

Kalamu hakujua kutofautisha nondo na bomba, ila kuandika alijua. Akabahatisha hoja tisa: saruji ghali, ratiba imesahau mvua, choo kiko mbali, nguzo chache, na nyingine za kujazia ukurasa. Nakala moja akampa mkunga, nyingine akampelekea mkandarasi aliyepewa ujenzi huo, kisha akakaa kwa heshima akingoja kuhongwa.

Mkandarasi alisoma akitabasamu mpaka alipofika kwenye nguzo. Hapo akafunga mlango, akatoa bahasha nene.

"Hii ya nguzo ifute, injinia. Nyingine ziache, zinapendeza."

Kalamu akaifuta kwa moyo mkunjufu.

Kesho yake alimpelekea mkunga ripoti safi yenye hoja nane. Mama akavaa miwani, akailinganisha na ile ya kwanza mstari kwa mstari, kisha akauliza kwa upole mkandarasi ametoa kiasi gani.

"Mama, unanivunjia heshima," Kalamu akasema.

"Mwanangu, nilijua tangu dukani kwamba wewe si injinia. Injinia wa kweli mkandarasi angemkwepa. Nilitaka mtu wa kuhongeka, ili mkandarasi anionyeshe mwenyewe anakoiba. Kumbe ni kwenye nguzo."

Akaongeza kwamba kituo cha polisi kiko ng'ambo ya barabara, na bahasha ile ingetosha kununua nondo za nguzo zilizopungua. Kalamu akaitoa mfukoni, akaiweka mezani taratibu kama anayelaza mtoto. Akauliza, kwa sauti ya chini, kuhusu ujira wake.

Mkunga akamjibu kwamba kazi bado haijakamilika, akamsogezea karatasi. Kalamu akairudisha hoja ya nguzo kwa mwandiko wake mzuri kabisa, akatia sahihi. Ilikuwa ripoti ya kwanza ya kweli maishani mwake, na ndiyo pekee ambayo hakulipwa.