Taarifa ya Mwenyekiti Kuhusu Kichwa cha Mrushaji Peguy

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Klabu ya Besiboli ya Umoja, ambaye ndiye mimi, Ladislaus, Mheshimiwa Mlezi wa Klabu, ambaye pia ni mimi mpaka uchaguzi utakapopata tarehe, Mzee wetu Ameir, kiongozi wa wafanyabiashara wetu wa katikati ya jiji, Baba Mchungaji, Ustadhi, wawakilishi wa saluni, wa maduka ya simu na wa wauza mikoba, wachezaji, mashabiki mliopanda kutoka mjini na mlioshuka kutoka Berea, akina mama mliobeba watoto na mliobeba sufuria, itifaki imezingatiwa, na ambaye sikumtaja ajitaje kimoyomoyo. (Makofi. Mtoto analia, anabembelezwa.)

Nimesimama mbele yenu katika ukumbi huu wa Glenwood, ambao tumeazimwa mpaka saa kumi jioni, kwa ajenda moja tu, nayo ni iwapo mrushaji wetu Peguy aanze mechi ya Jumamosi dhidi ya timu ya chuo, au aondolewe kabisa kikosini, kwa maana ameharibu, anaharibu, na kwa mujibu wa projection, yaani makadirio, za ofisi yangu ataendelea kuharibu. (Minong'ono. Peguy anaangalia viatu vyake.)

Kwa wale mliohamia besiboli kutoka mpira wa miguu, kama nilivyohamia mimi kwa ajili ya uongozi, nakumbusha kwamba mrushaji ndiye mwanzo wa kila kitu: anamrushia mpigaji wa wapinzani, na akirusha mipira minne nje ya eneo la kupigika, mpigaji huyo anatembea bure hadi besi ya kwanza, alama ya kwanza kwenye njia ya kupata pointi, taratibu, kama mtu anayekwenda dukani kununua mkate. Sasa, ndugu zangu, katika mechi sita zilizopita Peguy ametembeza watu arobaini na mmoja, ambayo ni asilimia mia moja na kumi na mbili ya kiwango kinachovumilika, na kama wangetembea kwa kufuatana wangefika baharini. (Kicheko.)

Ofisi yangu haikulala. Ilifanya stakeholder engagement, yaani nilikaa kwenye kiti cha kinyozi pale mjini nikasikiliza, na nikabaini kwamba mashabiki mmegawanyika. Ndugu Dulla, rudia ulichosema, ila bila lile neno. (Dulla, anayeuza chaja za simu, anasimama: "Mimi nasema jamaa anafikiria sana. Akimtembeza mtu anamwambia pole. Mrushaji gani anaomba radhi?" Alain, kinyozi, anamjibu akiwa amekaa: "Weye Dulla hujawahi kamata mpira hata siku moja. Mwaka jana ni nani alikuwa anatushindisha? Si huyu huyu?" Dulla: "Mwaka jana ni mwaka jana, kaka. Sasa hivi kaisha." Alain: "Eish, kaisha nini. Iko na miaka makumi mbili na sita.") Ahsanteni, huo ndio uhai wa demokrasia yetu, kaeni.

Ni katika kujibu changamoto hiyo ndipo mimi binafsi, bila kushinikizwa na mtu, nilipobuni, nikasanifu na kuzindua Kituo cha Mindset ya Mrushaji, yaani cha kunyoosha fikra zake, pale Berea, chenye wataalamu sita, vyumba viwili vya utulivu na framework ya kisasa ya kumwezesha mrushaji kujikubali kabla ya kurusha, wakati wa kurusha na baada ya kujuta. (Makofi marefu. Mzee Ameir anatikisa kichwa kwa kuridhika.) Na hapa ndipo penye uchungu, ndugu zangu, kwa sababu rekodi zinaonyesha kwamba tangu Kituo kifunguliwe wiki sita zilizopita, Peguy hajahudhuria hata mara moja. Hata mara moja. Kichwa kisichotaka kutibiwa tukifanyie nini? (Mtu anasema, "Kweli, Peguy?")

Naona mkono. Mama Glody, mke wa mrushaji, tafadhali kwa ufupi, na mtoto amelala, tusimwamshe. (Mama Glody, mtoto mgongoni, anasema polepole: "Prezida, haiko kichwa. Iko mukono. Kila Jumamosi mbele ya mechi unamurushisha kwa wageni wako. Juzi nilikuwa nanyonyesha pale pembeni, nikahesabu mipira. Tisini na sita. Na mechi bado haijaanza.")

Mama, naheshimu uchovu wako, lakini hapo umegusa utamaduni. Labda wapo wasioijua Rusha ya Heshima, niliyoiasisi mimi. Hatuwezi kumwalika mtu mzima, akavaa suti, akaja uwanjani, akarudi nyumbani bila kugusa mpira. Sisi si watu wa namna hiyo. Kwa hiyo kila mgeni rasmi anashika gongo, na mrushaji anamrushia mpaka apige, nasisitiza, mpaka apige, maana kumkatiza mgeni njiani ni kumvua nguo. Msimu uliopita wageni walikuwa wawili kwa kila mechi. Msimu huu, kutokana na mafanikio ya uongozi wangu, wamefika kumi na wanne, nikiwemo mimi. Nakiri kwamba Mzee wetu Ameir juzi alipiga kwenye mpira wa thelathini na moja. (Mzee Ameir: "Jua lilikuwa machoni." Sauti kutoka nyuma: "Mzee, ulifumba macho.") Na mtasema, basi arushe polepole. Alijaribu. Mzee akalaza gongo chini akauliza kama anachukuliwa kuwa mtoto. Tangu siku ile kamati iliamua kwamba wageni wote warushiwe kwa nguvu zote za ligi. (Alain anasema, "Kumbe." Dulla anakuna shingo, anasema, "Mheshimiwa, hiyo mbona hukutuambia kwa kinyozi?")

Hamkuuliza. (Mama Glody bado amesimama: "Mimi namukanda ule mukono na maji ya moto. Mtoto akilia usiku, hawezi mubeba na ule wa kulia. Asubuhi anaenda kazi, anafungua simu za watu na mukono wa kushoto. Na anarudi hapa anasikia eti kichwa yake ni mbovu. Prezida, nakuheshimu. Jumamosi Peguy ataanza mechi. Wageni, utawarushia wewe.")

Mama Glody, kuna taratibu. Kuna ngazi. Hoja kama hiyo inapaswa kupitia kamati ndogo, kisha kamati kubwa, kisha... (Mikono inanyooshwa, safu kwa safu. Dulla ananyoosha miwili.) Naona. Naona mikono. Ndugu Dulla, mmoja unatosha. Basi kwa mamlaka niliyonayo natangaza kwamba, baada ya uongozi wangu kutafakari kwa kina, Peguy anaanza Jumamosi, na ni uamuzi nilioingia nao ukumbini. (Makofi. Peguy anainua macho, anampokea mke wake mtoto, kwa mkono wa kushoto.) Ama kuhusu kuwarushia wageni kumi na wanne, nasikitika kwamba bega langu lina jeraha la zamani, la tangu ujana. (Alain: "Prezida, haiko bega. Iko mindset." Kicheko kinajaa ukumbi. Dulla: "Tukupeleke Kituoni kesho, Mheshimiwa. Wataalamu wako sita. Kituo kiko mtaa gani?")

Muda umetutupa mkono, ndugu zangu, saa kumi inakaribia na mwenye ukumbi ameshasimama mlangoni, kwa hiyo nihitimishe. Umoja, juu. (Juu.) Besiboli, mbele. (Mbele.) Mindset... (Dulla: "Mtaa gani, Mheshimiwa?")

Sharp, sharp, nimesikia. Basi nitoe shukrani. Nawashukuru kwa dhati wataalamu wetu sita, ambao tutawajua majina mara tutakapowapata. Namshukuru mwenye jengo la Berea, ambaye hatujaonana naye. Nawashukuru waliosanifu vyumba viwili vya utulivu, ambavyo kwa sasa ni sentensi moja ndani ya ripoti yangu. Na kwa namna ya pekee nakushukuru wewe, kijana wangu Peguy, uliyepanda taxi mara mbili baada ya kazi kwenda kukitafuta Kituo, ukakuta saluni, ukarudi, na hukumwambia mtu yeyote kwa kuniogopea aibu. Hilo niliambiwa. Sikuliweka kwenye rekodi. (Mama Glody anakaa.)

Jumamosi saa tatu asubuhi nitakuwa uwanjani, na mipira. Naomba tu, kwa heshima na taadhima, wageni rasmi wasizidi wawili, na Mzee Ameir asiwe mmojawapo.