Vidole Hamsini vya Soko la Ruiru

Zacharia Kang'ethe hakuwahi kupita mbele ya ubao wa matangazo bila kusimama. Watu wengine waliona karatasi yenye mhuri. Yeye aliona chakula cha jioni. Asubuhi moja ya mwaka 1958, nje ya ofisi ya ardhi kule Thika, alikuta tangazo la Kiingereza ambalo hakuna aliyekuwa akilisoma isipokuwa nzi wawili. Uwanja wa soko karibu na stesheni ya Ruiru, lilisema, unakusudiwa kugeuzwa kuwa ardhi ya viwanda. Wenyeji wanaombwa kutoa maoni, kwa sahihi au kwa kidole gumba cha kulia, katika mkutano wa Ijumaa.

Zacharia alikaza tai. Serikali iliyowaamuru watu hao wakae wapi, walale saa ngapi na watembee na karatasi gani mfukoni, sasa ilitaka kujua wanaonaje. Aliguswa sana na adabu hiyo. Akapanda baiskeli kwenda Ruiru kuiuza adabu yenyewe.

Mnunuzi alikuwa Macharia, mwenye duka la jumla, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiota kiwanda cha sabuni na hakuwa na mahali pa kukiweka.

"Nakuletea vidole hamsini vya kukubali," Zacharia alimwambia. "Wewe unanipa kile chumba cha kando ya duka, nifungue ofisi."

"Ofisi ya nini?"

"Ya maoni ya wananchi, mzee. Hii biashara ndiyo inakuja."

"Na hao akina mama watakubali aje kufukuzwa?"

"Kwani nani atawaambia wamekubali nini? Wewe toa sukari. Kidole kimoja, ratili moja."

Macharia alitoa nusu gunia, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

Pale sokoni Zacharia alimwendea Wakonyo, au Mama Ngendo kama walivyomwita, mjane aliyeuza chai na viazi vitamu chini ya mabati manne, kwa sababu wanawake wote walimsikiliza. Shamba la Wakonyo lilipotelea kwa mtu mwingine ardhi ilipopimwa upya. Uwanja ule ndio uliokuwa umebaki, na akiondoka hapo hakuwa na pengine pa kuweka sufuria yake. Zacharia alilijua hilo. Hakuona kama linamhusu.

"Mama Ngendo, kuna sukari ya bure. Mtu anaweka tu kidole hapa."

Wakonyo aliitazama karatasi kwa muda mrefu kuliko ilivyompasa mtu asiyejua kusoma. "Hapo juu pameandikwa nini?"

"Kwamba soko letu ni zuri."

"Hiyo hata bila kidole inajulikana." Aliipokea karatasi, akalipokea na gunia. "Lakini watu wanaogopa karatasi siku hizi, mwanangu, na tai wanaiogopa zaidi. Niachie mimi. Rudi Alhamisi."

Alhamisi alikuta gunia limekunjwa vizuri na karatasi ikiwa nyeupe kama alivyoiacha.

"Sukari walichukua," alisema Wakonyo kwa huzuni. "Kidole wanasema bado wanafikiria."

"Watafikiria mpaka lini? Mkutano ni kesho."

"Ndiyo hivyo. Ila mimi najiuliza, kidole si kidole tu? Mzungu atajuaje hiki ni cha mama yupi?"

Zacharia alicheka, akaona haya kidogo kwamba wazo hilo halikutoka kichwani mwake. Wakonyo akamshikia kidau cha wino na kumtajia majina taratibu, akianza na Gathoni wa Kagwe. Zacharia aligandamiza kidole chake mara hamsini, akikipindua huku na huku kwa ufundi mkubwa.

Ijumaa alikuja ofisa wa Kizungu kutoka Thika pamoja na karani wake Kaleli, Mkamba mpole aliyekuwa amechukua alama za vidole vya wafanyakazi kwa miaka kumi na minane. Soko zima lilikaa kwenye nyasi. Macharia alikaa mbele.

"Gathoni wa Kagwe," alisoma Kaleli, "anakubali."

Mwanamke mrefu alisimama, akainua mkono wa kulia. Ulikuwa na vidole vinne, gumba hakuna.

"Hicho kidole kilikatwa na mashine ya mkonge mwaka wa njaa," alisema. "Kama ofisi imekiona, naomba nirudishiwe."

Soko lilicheka mpaka ofisa akagonga meza. Kaleli alitoa kioo chake cha kukuzia, akainamia karatasi, kisha akainuka.

"Bwana, hawa akina mama hamsini ni mtu mmoja."

Zacharia alitia mkono mfukoni. Alikuwa ameuosha kwa sabuni, kwa majivu na kwa mafuta ya taa, na bado kidole kilikuwa cha zambarau. Macharia, alipoulizwa, alisema hajawahi kumwona kijana huyu maishani mwake.

Ndipo Wakonyo alipotoa kwenye kiondo karatasi nyingine, ya kukataa, yenye vidole hamsini vya watu hamsini, cha Gathoni kikiwa cha kushoto na sababu yake imeandikwa kwa Kiingereza safi.

"Nilifagia nyumba ya wamisionari miaka minane," alimnong'oneza Zacharia akipita. "Walikuwa wanaacha karatasi kila mahali."

Kusema kweli, ofisa hakujali sana Gathoni anaonaje. Angeuchukua uwanja ule huku akinywa chai, na usiku angelala vizuri. Lakini kidole cha kughushi kwenye karatasi ya Malkia kilimuuma kuliko jino. Kwa hasira aliandika kwamba soko libaki soko, na Zacharia achimbe mtaro wa soko hilo kwa miezi mitatu.

Siku ya kwanza ya kuchimba, saa nne, Wakonyo alimletea kikombe ukingoni mwa mtaro. Zacharia alionja, akakunja uso.

"Sukari imezidi, Mama Ngendo."

"Kunywa. Tulikuwekea ratili yako," alisema Wakonyo. "Si wewe ndiye uliyeweka kidole?"