Shokapu Nyekundu za Fundi Grisi

Haya wajukuu, tegueni: wako wanne chini ya nyumba inayotembea, nyumba ikiruka, wao huishika kiuno isiruke tena. Nani hao? Kimya? Basi mji mmenipa. Ni shokapu za gari.

Palikuwa na fundi mwenye mdomo laini hata watu wakamwita Grisi. Asubuhi moja aliliona gari la Kinyozi wa mtaa wao likivuka tuta mbele ya gereji yake. Tuta likaisha, gari likaendelea kuitikia juu, chini, juu, chini, kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Grisi akajifuta mikono. Gari likiwa hivyo, aliwaza, na mwenyewe yu hivyo hivyo.

"Kaka! Jumapili utakata kona na shokapu hizo, au utapaa?"

Kinyozi akasimama. Jumapili kulikuwa na mashindano, na mkewe, Mama Pacha, alikwisha kutangaza mtaa mzima ukasikia: "Gari hili likishindwa tena, linauzwa. Wanangu hawanywi oili."

"Ninazo za mashindano," Grisi akanong'ona. "Mpya. Ngumu kama uso wa mkwe. Nawe nasikia una rimu za kung'aa, zimelala tu uvunguni."

"Nifungie hizo mpya, rimu utazichukua Jumapili uwanjani. Kesho nakuletea gari."

Kesho yake Grisi alizifungua shokapu zote nne, akaziosha kwa petroli, akazipaka rangi nyekundu, akazirudisha zilezile. Kisha akajaza matairi upepo mpaka yakawa mawe. Dereva akiumia makalio, husema shokapu ni kali. Ndiyo elimu hiyo.

Kinyozi alilijaribu mpaka kona ya mtaa, akarudi meno yakigongana.

"Ngumu kweli!"

"Si nilikwambia, mkubwa?"

Kinyozi akalala chini, akachungulia uvunguni mwa gari, akainuka akijipangusa. "Zinapendeza. Sasa nipe zile za zamani."

"Chuma chakavu kile? Cha nini tena, kaka?"

Kinyozi akavuta tairi bovu, akalikalia. "Bila hizo, rimu sitoi. Nangoja hapa hapa."

Nyuma ya gereji lilikuwepo gari la Grisi mwenyewe, la aina ileile, nalo shokapu zake zilikuwa nzima kabisa. Alizitazama kama mtu anayeaga jamaa stendi. Akaziwaza rimu zinavyong'aa. Akashika spana. Kazi ambayo wateja huingojea siku nzima aliimaliza kabla kivuli hakijamhama Kinyozi. Akazipaka oili chafu, akazigaragaza mchangani, akazileta uso umekunjamana.

"Hizi hapa. Ulikuwa unaendesha kifo, ndugu yangu."

"Mungu akuzidishie," Kinyozi akasema, akazitia kwenye buti, akaondoka.

Jumapili gari la Kinyozi lilizikumbatia kona kama mtoto na mgongo wa mama yake. Likawa la kwanza. Mama Pacha alipiga vigelegele mpaka akamsahau mnunuzi aliyekuja naye.

Ndipo Grisi akaingia getini, gari lake likiruka kama mbuzi, kofia imemwangukia puani.

"Hongera, kaka! Rimu zangu?"

Kinyozi akafungua buti. Ndani zilikuwamo shokapu nne nyekundu.

"Rimu nilikuahidi kwa shokapu mpya. Hizi ni zangu, kuukuu, ila zina rangi nzuri. Chukua tu. Nakuona unavyorukaruka, huruma imenishika."

Grisi akainama, akachungulia chini ya gari lililoshinda. Mchanga wa gereji yake ulikuwa bado umeganda kwenye shokapu. Akachuchumaa pale pale, na sauti ilipotoka haikuwa na grisi hata tone.

"Lakini kaka, siku ile, za zamani ulizitaka za nini?"

Kinyozi akatoa wembe mfukoni mwa shati, akaupuliza vumbi.

"Zangu nilizikwaruza kwa huu kabla sijakuletea gari. Alama nikaiona chini ya rangi yako. Basi nikataka tu kujua utamvua nani shokapu zake."