Visiki Chini ya Samadi

Jumatatu, 4 Machi
Kikao cha wafugaji kimeisha. Uamuzi: miiba imekula malisho vya kutosha. Kila mwenye kipande ang'oe vichaka vyake, mizizi na yote. Tarehe 22 mwenyekiti atakagua. Atakayekutwa na vichaka, kipande chake atapewa jirani. Jirani yangu ni shemeji, kaka wa mke wangu. Nina ng'ombe kumi na mmoja, na sina pengine pa kuwalisha. Shemeji alinipa pole hata kikao hakijafungwa. Pole ya nini?

Jumatano, 6 Machi
Shemeji anachimba kwa sururu. Kichaka kimoja, nusu saa! Mimi nina panga na akili. Kufikia saa nne nilikuwa nimekata vichaka thelathini na sita, usawa wa ardhi. Nikamwuliza shemeji anatafuta maji au madini. Akajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Mtu akizidiwa na kazi hukimbilia methali.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemaliza! Tatizo dogo: visiki vinaonekana. Dawa: samadi ya zizini. Koleo moja kila kisiki, nikasawazisha kwa mguu. Mke wangu akauliza kama nazika au napanda. Nikamwambia mambo ya malisho aniachie. Akasema haya, baba watoto, ila kaka yake hajafunika kitu. Kweli. Ana mashimo tu. Kipande chake kama kinywa cha kibogoyo.

Alhamisi, 14 Machi
Mvua siku ya tatu mfululizo. Safi sana. Nyasi zitaota juu ya samadi, mwenyekiti adhani sijawahi kuona mwiba. Mashimo ya shemeji yamejaa maji. Ng'ombe wake wanakunywa humo humo, mtoni hawaendi. Wengine wana bahati tu.

Ijumaa, 22 Machi
Ukaguzi. Kila kisiki kimetoa machipukizi saba. Manene! Mwenyekiti akaniuliza, ndugu yangu, mbegu hii umeitoa wapi? Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kipande kikaenda kwa shemeji. Yeye mwenyewe akaomba niachiwe robo, kwa ajili ya dada yake, na akanikabidhi sururu mbele ya watu wote. Robo haiwezi ng'ombe kumi na mmoja. Saba wamepelekwa kwa baba mkwe. Aliwapokea bila kuniuliza kitu. Afadhali angeuliza.

Jumapili, 24 Machi
Nimetafakari siku mbili. Sururu ni chombo kizuri kwa watu wasiopenda kufikiri. Mke wangu anasema robo iliyobaki ina visiki hamsini, na tukiipoteza hiyo, na sisi tutahamia kwa baba yake. Nimemtuliza. Kosa nimeshaligundua. Nilikata asubuhi, miti ikiwa macho. Kesho nakata adhuhuri, ikisinzia.