Mimi na Mama Mkwe Katika Landrova Moja

Jumatatu, 6 Oktoba 1980

Majina yamerudi kutoka juu. Wagombea wawili kama kawaida, wote wa Chama, wananchi wachague mmoja aende Bungeni. Jina la kwanza: Koplo Maganga wa Jeshi la Akiba. Yaani mimi. Nikasimama juu ya benchi la ofisi na kupiga saluti. Jina la pili likasomwa. Nikashuka kwenye benchi.

Jina la pili ni la mama mkwe wangu.

Siliandiki humu. Hata daftari lina heshima zake. Kwetu Wasukuma mtu hamtaji mama mkwe kwa jina, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Na yeye kwako ni vivyo hivyo. Nimemwoa binti yake miaka kumi na miwili iliyopita na mpaka leo sijui kama ana meno yote.

Ndugu Cornel, mtu wa Chama anayesimamia kampeni, ametoka Bukoba na mambo yetu hayajui. Alisoma kanuni. Tutasafiri Landrova moja. Tutapanda jukwaa moja. Tutakula pamoja. Tutahutubia kwa Kiswahili tu. Nikauliza kama hakuna Landrova ya pili. Akasema ipo, ila haina injini.

Alama: mimi Nyumba, yeye Jembe. Jimbo zima ni la wakulima wa pamba. Nimeonewa.

Lakini sirudi nyuma. Balozi wa nyumba kumi kwa miaka tisa, mwanajeshi wa akiba kwa miaka sita. Kilichobaki ni ubunge. Nikiukosa nitazeeka nikigonga milango ileile kumi kuuliza nani hajaja kwenye mkutano. Siwezi.

Nikamwuliza mke wangu, Mama Januari, kama alijua mama yake anagombea. Alijua tangu Juni. Kwa nini hakuniambia? Akasema mimi mwenyewe nilimkataza kumtajataja mama yake mbele yangu.

Jumatano, 8 Oktoba

Siku ya kwanza ya kampeni. Mama Mkwe amekwishaketi kiti cha mbele, karibu na dereva. Mimi nikae wapi? Nyuma yake nitakuwa namtazama kisogo. Sabiti, dereva wetu, mtu wa mjini Shinyanga na mwenye dharau, akasema kisogo si uso. Nikamwambia yeye hajui mipaka ya uso inaishia wapi.

Hivyo, Operesheni Paa. Nikapanda juu ya gari, kando ya kipaza sauti. Wapiga kura wangeniona kutoka mbali. Kwa maili mbili za mwanzo mambo yalikuwa mazuri sana. Kisha tukaingia kwenye migunga. Tawi la kwanza likachukua kofia. La pili likachukua kola na ngozi kidogo. Nikagonga paa Sabiti asimame. Akadhani nashangilia, akaongeza mwendo.

Nilifika mkutanoni nimekuwa mweupe kwa vumbi, kuanzia nyusi hadi viatu. Nikasalimia umati kwa Kisukuma ili wanitambue. Mwadila. Ndugu Cornel akanipa onyo la kwanza la maandishi.

Wenyeji walikuwa wamechinja kuku wawili na kuandaa meza moja. Nikaenda kusimama nyuma ya ghala la mtama nikisubiri mtu aniletee sahani yangu. Hakuna aliyejua niko huko. Sabiti anasema paja la mwisho lilikuwa tamu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Operesheni Mguu. Sipandi gari tena. Mwanajeshi ana miguu. Nilipiga hesabu hivi: mtu aliyevaa magwanda kamili, peke yake, akipiga kwata maili kumi na tatu kwenda kuonana na wananchi, huyo hahitaji hata hotuba. Mama Mkwe afike na gari, aonekane amedekezwa.

Niliondoka alfajiri. Njia nzima nilikutana na mbuzi, na mzee mmoja aliyeuliza kama nimeleta sukari. Nikamweleza kuhusu Nyumba. Akasema nyumba anayo, sukari ndiyo hana.

Buti la kushoto likafunguka soli maili ya tisa. Nilipofika, watu walikuwa wanarudisha viti. Landrova ilinipita ikirudi. Sabiti akapunga mkono. Mama Mkwe, nasikia, alimwomba asimame anichukue na akajifunika khanga kichwa kizima ili nipande bila shida. Mimi nilikuwa nimekwishaingia kwenye majani.

Ndugu Cornel ameandika kwenye ripoti: Jembe alihutubia, Nyumba hakutokea.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimekuwa mjinga. Wiki nzima nakimbia mimi. Kwani mwiko si wa pande mbili? Na yeye hatakiwi kukaa nilipo mimi. Koplo hakimbii, koplo anakalia eneo.

Operesheni Jukwaa. Nilifika mapema nikaketi katikati ya jukwaa nikiwa nimepanua magoti. Mama Mkwe akaja, akaniona, akageuka. Akaondoka kabisa upande ule. Nilisikia raha isiyoelezeka.

Nikahutubia dakika ishirini. Barabara, visima, ulinzi wa taifa. Watu wametulia. Kisha Ndugu Cornel akatangaza zamu ya Jembe, akatafuta Jembe, hayupo. Nikaanza kukusanya karatasi zangu.

Alikuwa nyuma ya umati, ameketi chini na wanawake, amenyoosha miguu. Akaanza kusema hukohuko alipo. Umati wote ukageuka. Kutoka jukwaani niliona migongo mitupu, labda mia nne, na katika migongo mingi watoto wamefungwa. Wengi wa watoto hao kawapokea yeye, maana ni mkunga, alisomea hospitali ya Kolandoto, na ana miaka thelathini kwenye kazi hiyo. Watoto peke yao ndio walionitazama. Alisema zahanati ya hapo haina taa, mama anajifungua kwa kibatari. Akawauliza wao wanataka nini kianze. Hakuwaahidi kitu. Walimsikiliza mpaka muda ukaisha na wakaomba aongezwe.

Ndugu Cornel akaniuliza kwa nini sikuwaachia wanawake jukwaa.

Alhamisi, 16 Oktoba

Bugarama, kwa wachimbaji. Wanaume watupu, udongo mpaka kwenye masikio. Hapa mkunga hana kazi. Nikatoa silaha nzito: vita vya Kagera.

Nilisema yote. Mwaka juzi tulivyoitwa sisi wa akiba. Tulivyovuka mto. Risasi zilivyokuwa zikipita juu ya kofia. Nilivyombeba mwenzangu mgongoni. Wachimbaji wakaacha kutafuna miwa. Mmoja alivua kofia.

Kisha mtu akanyoosha mkono nyuma kabisa. Nikamtambua. Ngassa, tuliyekuwa naye kikosi kimoja. Kumbe siku hizi anachimba. Akauliza kwa adabu kabisa: yule ndama aliyezaliwa njiani, tulimwita nani?

Nikajibu bila kufikiri kwamba tulimwita Ushindi.

Ngassa akawaeleza wenzake taratibu, bila ubaya, kama mtu anayekumbuka siku njema. Kwamba kikosi chetu kiliswaga ng'ombe wa jeshi mia mbili na kumi kutoka Kishapu hadi Biharamulo. Kwamba hatukuvuka mto wowote isipokuwa vijito. Kwamba niliyembeba mgongoni ni huyo ndama.

Bugarama nzima ikacheka. Wengine wakalia kama ng'ombe. Nilitafuta pa kutazama nikakosa. Nilitamani shimo la mgodi liwe karibu.

Mama Mkwe akasimama. Alikuwa upande wa pili wa gari, amenipa mgongo, khanga kichwani. Akasema hivi, naandika nilivyosikia: huyo kijana aliyeoa kwangu aliondoka na ng'ombe mia mbili na kumi, akafikisha mia mbili na kumi na mmoja. Mwanangu wa kiume alikuwa mbele huko vitani. Aliandika barua kwamba siku tatu hawakula, siku ya nne wakala nyama. Ninyi mnaocheka, aliyewahi kupitisha ng'ombe kwenye mbung'o wa Biharamulo asipoteze hata mmoja anyooshe mkono.

Hakuna mkono ulionyooshwa. Ngassa akaanza kupiga makofi, wote wakafuata.

Hakuna aliyewahi kunisifia wale ng'ombe. Hata mimi mwenyewe sikuwahi. Kwa muda wa dakika nzima nilitaka kwenda kumshukuru, na mwiko ukanizuia.

Jumapili, 19 Oktoba

Nimefikiri siku tatu. Makofi yale yalikuwa ya nani? Yake. Ule ulikuwa mtego. Amenitetea ili aonekane ana roho nzuri. Adui hatari kuliko wote ni yule anayekusaidia.

Nimemtuma Mama Januari kwao akamwambie mama yake aache kunitetea. Amerudi na jibu. Mama anasema ataacha siku nitakayoacha kudanganya, kwa sababu wajukuu zake wanaitwa kwa jina langu. Nikamwambia Mama Januari hayo ni maneno ya kampeni, na nje ya mkutano kampeni hairuhusiwi. Akaenda kutwanga. Alitwanga kwa nguvu sana.

Jumapili, 26 Oktoba

Siku ya kura. Operesheni Mlango, kubwa kuliko zote.

Kituo chetu ni darasa la shule ya msingi ya kijiji. Kura zinaanza saa mbili asubuhi, zinakwisha saa kumi na mbili jioni. Mpango: nisimame mlangoni tangu saa moja. Mama Mkwe hawezi kupita mlangoni nilipo. Wanawake wake wakiona mgombea wao hajapiga kura, watakata tamaa na kurudi mashambani.

Tatizo moja. Msimamizi wa kituo, karani Zamoyoni, aliniambia kwamba ukishapiga kura unakwenda nyumbani, hakuna kuzurura. Kwa hiyo dawa ni kutopiga. Kila zamu yangu ilipofika nilimwambia wa nyuma yangu atangulie. Tangulia, ndugu. Tangulia, mzee. Wanaume wa kijiji kizima walipita; wanawake sikuwaona, nikadhani mpango umefanya kazi. Wazee walinisifu kwa adabu. Mzee Mabula alisema hajawahi kuona mgombea mnyenyekevu hivyo.

Saa sita, Mama Mkwe hajaonekana. Saa tisa, hajaonekana. Jua lilinichoma nusu ya uso lakini ushindi niliuona unakuja kwa miguu. Saa kumi na mbili kasoro dakika nne, foleni imekwisha, nikaingia kuchukua karatasi yangu.

Karani Zamoyoni alikuwa anafunga sanduku kwa lakiri. Nikamwonyesha saa yangu. Akanionyesha yake. Yangu iko nyuma dakika tano. Nikamwambia mimi ni mgombea. Akasema ndiyo maana alishangaa.

Nikauliza, angalau, kama mgombea wa Jembe alikosa pia. Akanielekeza kwa kalamu upande wa pili wa darasa. Kuna mlango mwingine. Foleni ya wanawake ilikuwa huko tangu asubuhi. Alipiga kura saa mbili na dakika tano.

Jumanne, 28 Oktoba

Matokeo. Jembe kura elfu kumi na tisa na ushee. Nyumba elfu moja mia moja na sita, nyingi za Bugarama. Ngassa amewasimulia watu habari za yule ndama mpaka wakamhurumia.

Mama Mkwe ni Mbunge. Mimi ni balozi wa nyumba kumi.

Kilichoniuma ni kituo cha kijijini kwangu. Nyumba: kura mbili. Mbili tu. Wote niliowaambia tangulia, walitangulia kwenye Jembe. Na mimi mwenyewe sikupiga. Sasa mbili hizo ni za nani? Moja ni ya Mama Januari, ameapa, namwamini. Nilimtaja Mzee Mabula, nikamtaja fundi baiskeli, nikamtaja padri. Mama Januari alikuwa akitikisa kichwa tu. Mwisho akaacha kupepeta mchele, akafuta macho.

Ya pili, akasema, ni ya mama yake. Asubuhi ile, kwenye foleni, mama yake alimwambia: mumeo hapati kitu hapa. Asije akahesabiwa kura moja ya mke wake tu, kijijini kwake, watoto wakachekwa shuleni. Akaingia, akajinyima kura yake mwenyewe, akaweka alama kwenye Nyumba.

Niliketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Nilimfikiria Mama Mkwe, mtu mzima, khanga kichwani, ameshika kalamu mbele ya jina langu, na Bunge zima liko kwenye alama ya pili. Mama Januari akaniwekea mkono begani. Alidhani sasa nimeelewa.

Na kweli nimeelewa. Kura mbili bila mgombea kupiga. Uchaguzi ujao ni mwaka themanini na tano. Nikipiga na mimi, zitakuwa tatu, yaani ngome yangu ya nyumbani itakuwa imekua kwa nusu nzima, na hakuna mgombea mwingine katika mkoa huu anayeweza kusema hivyo. Nimemwambia Mama Januari amfikishie mama yake ujumbe mmoja tu: kura yake naitegemea, asiyumbe.