Folda Inayoingia Bila Hodi

Marambo, Nachingwea

Kwa Mkuu wa Ofisi, Ruangwa

Ndugu Mkuu Eusebio,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo. Sisi huku hatujambo. Baba Hafidha hajambo, ila goti. Bibi Mwamina hajambo, anasikia yale anayotaka tu. Fatu, mdogo wake Hafidha, na wanawe wako shambani kwenye ufuta. Beberu tunayemfugia harusi ya Hafidha naye mzima, ila amezeeka, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Mimi ni mama yake Hafidha, yule wa meza ya dirishani. Shule niliishia darasa la nne, pakikosewa unisamehe. Nalalamika hivi:

1. Mwezi wa tatu ulileta fundi, akaziunga kompyuta zenu zote na folda moja ya pamoja. Hafidha anasema akishaandika jina lake na neno la siri tu, folda imeshafika yenyewe, imejaa makaratasi ya ofisi nzima. Hakuna aliyeiita. Hata hodi haipigi! Hapa kwetu kuku wa jirani anafukuzwa kwa hilo.

2. Zamani mwanangu akitaka faili alinyanyuka, akaenda masjala kwa Rahimu, akabisha hodi. Rahimu anamkaribisha, anauliza za nyumbani, anauliza goti la baba yake, ndipo anaanza kutafuta. Taratibu. Kuna faili moja alilitafuta siku nne na lilikuwa mezani kwake. Mimi ni mama, nilielewa.

3. Sasa Hafidha hanyanyuki. Miezi mitano hajakanyaga masjala. Kwa hiyo folda yenu imeshaninyima mkwe mmoja na wajukuu watatu, na wa kwanza nilishamchagulia jina.

4. Ana miaka thelathini na mmoja. Akija likizo anajifanya hana neno, na mimi najifanya sioni.

Basi naomba hivi: wenye ndoa zao wafunguliwe folda moja kwa moja, hawana cha kufuata. Ambao bado, kompyuta iwakatalie mpaka watembee kwa miguu hadi masjala. Na Rahimu apewe kiti cha mgeni.

Wasalimie wote ofisini, mmoja mmoja, hata fundi. Nimemsamehe nusu.

Ni mimi,
Mama Hafidha

Nyongeza: Sijafunga bahasha, Hafidha amepiga simu, analia na kucheka. Kumbe Rahimu alikuwa akiandika barua ya posa kwenye kompyuta ya ofisi, akaiweka kwenye folda ya pamoja akidhani ni yake peke yake. Leo asubuhi kila aliyewasha mashine kaikuta. Nasikia na wewe, Ndugu Mkuu, umeiongezea barua hiyo mstari wa heshima. Asante sana. Hapo hana pa kurudi nyuma.

Kwa hiyo folda isiguswe. Niliyoandika juu usiyasome, karatasi nyingine sina. Na fundi nimemsamehe yote.

Ila ofisi nzima imeisoma barua hiyo, na baba wa binti bado. Sisi kompyuta hatuna. Ichapeni upesi, mzee mmoja ailete kabla beberu hajafa. Na huyo mzee apige hodi.